Niliwachekesha na daktari wa ushago, yeye akauliza kuhusu kifua changu

Wasee, leo sina mzaha. Kuna kitu nimekaa nacho tangu Krismasi na nimeona afadhali nikiseme tu.

Wale mmekuwa na mimi kitambo mnakumbuka ile klipu ya "Daktari wa Ushago". Nimevaa shati jeupe la mjomba, nimejitundika earphone shingoni kama ndiyo ile mashine ya kusikiliza moyo, na kila mgonjwa akiingia namwambia maneno yale yale matatu: "Kunywa maji. Punguza chumvi. Mama yako anaendeleaje?" Mwenye homa, kunywa maji. Aliyeanguka na boda, punguza chumvi. Mwisho analetwa jamaa kwa wilbaro, hata macho hafungui, na mimi namwinamia polepole: "Mama yako anaendeleaje?"

Ile kitu ilienda. Sijawahi kupata watu wengi hivyo. Kila mtu alikuwa anasema "huyu ni daktari wa kwetu kabisa", kutoka Busia mpaka Taveta. Nilijiona nimefika.

Siku ya tatu mum akapiga simu.

"Mwende, Daktari ameona ile kitu yako."

"Daktari gani?"

"Unajua ni daktari gani."

Nilijua. Kwetu kuna mmoja tu. Nikauliza amesema nini, huku nimeshika kichwa.

"Amecheka sana. Halafu akaniuliza kama bado unatumia ile dawa ya kifua."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeacha ile dawa miezi saba. Sikuwa nimeambia mtu, hata mum. Na huyo mzee mara ya mwisho kunitibu nilikuwa Form Three. Yaani nimemfanyia watu kicheko kwa sababu ya kuuliza "mama yako anaendeleaje", na kitu cha kwanza alichofanya ni kumuuliza mama yangu mimi naendeleaje.

Mum akamaliza hivi: "Ukikuja Krismasi, utapita pale umwombe msamaha." Halikuwa swali.

Wacha niwaambie kwetu ni wapi. Ni mji mdogo Ukambani, kando ya barabara ya Mombasa. Kama umewahi kupanda basi la usiku umetupita ukiwa umelala. Malori, vibanda vya nyama, posho mill, maduka ya M-Pesa, jua. Kliniki ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nje kuna benchi chini ya mwarobaini, na hiyo benchi ndiyo waiting room.

Kitu ambacho sikuwa najua mpaka nilipokaa naye: kwa makaratasi, Daktari si daktari. Ni afisa wa kliniki. Hiyo ni diploma ya miaka mitatu na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mwenye digrii ya udaktari husoma miaka sita, halafu anaongeza mwaka wa intanship. Aliniambia alipoletwa kwetu na serikali, enzi za Moi, alikuwa anasahihisha kila mtu: "Mimi si daktari, ni afisa wa kliniki." Wazee wakamwambia, "Sawa, Daktari." Akachoka. Na ukweli ni kwamba kwa miji mingi midogo ya Kenya, huyo ndiye daktari wa familia tulio naye. Anamtibu susu (huko kwetu nyanya tunamwita hivyo), anamtibu mum, anakutibu wewe, na ukizaa kabla hajachoka, atamtibu na mtoto wako.

Basi tarehe 23 Disemba nikaenda na soda na mkate kama mtu anapeleka mahari. Nilipanga dakika kumi: pole, asante, kwaheri. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Kaa hapo kwa kona. Ukitaka kunifanyia sinema, uifanye vizuri. Angalia kwanza." Akawa anamuuliza kila mgonjwa kama ni sawa mtoto wa Mama Mwende akae. Waliokataa, nilitoka nje. Wengi walikubali, na wengine walinijua kutoka kwa klipu. Nilikaa mpaka saa kumi na mbili jioni.

Sasa turudi kwa yale maneno matatu. Majina na mambo mengine nimebadilisha kidogo, mtu asijitambue.

Kunywa maji.

Kijana wa boda aliingia ameshika mgongo. Alikuwa ameshajitibu kwa Google na uamuzi wake ulikuwa kwamba figo zimekufa. Daktari hakumcheka. Alimpa kikopo akaleta mkojo, akauchovya kile kijikaratasi cha kupima, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Kisha akamuuliza kitu ambacho sikutarajia: "Tangu asubuhi umekunywa nini?" Soda mbili na energy drink. "Na maji?" Maji ya kwetu ni ya chumvi, si mnajua Ukambani, ukichota kwa borehole unakunja uso. Ya chupa ni bei ya soda. Kwa hivyo kijana ananunua soda, anakaa juani saa kumi na mbili, na usiku mgongo unaka moto.

Daktari alimwambia anunue jerikeni ya lita tano ya maji ya mvua kwa mama fulani mwenye tangi, aifunge nyuma ya pikipiki. Alimtajia huyo mama kwa jina na bei yake. Akamwambia arudi Jumatatu apimwe tena, na akiona damu asingoje Jumatatu.

Kwa klipu yangu hiyo yote ilikuwa maneno mawili.

Punguza chumvi.

Mzee mmoja alikuja kuchukua dawa za presha. Ana daftari lake la kurasa 32, lile la shule, limevalishwa gazeti. Huko ushago hilo daftari ndilo faili yako ya hospitali, ukilipoteza umepoteza historia. Daktari alilifungua, akahesabu kwa kidole, akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mzee, dawa ya siku thelathini imekutosha vipi siku hamsini na tano?"

Mzee akaangalia chini. Alikuwa anakata kidonge katikati. Januari iko karibu, kuna mjukuu anaingia sekondari.

Ningekuwa mimi ningemlima mtu lekcha. Daktari alisema tu, "Sasa nimeelewa kwa nini presha imepanda." Akampa dawa ya mwezi, akaandika deni kwenye daftari lingine, jeusi, nene. Halafu ndipo akaongea kuhusu chumvi, na hakusema "punguza chumvi" hivi hivi. Alisema: "Mwambie mke wa kijana wako apike bila royco kwa chakula chako, wengine waongeze kwa sahani." Anajua ni nani anapika kwa hiyo nyumba. Anajua mzee hawezi kumwambia mkaza mwana jambo kama hilo bila kuonekana anadharau chakula. Kwa hivyo akaongeza: "Sema Daktari ndiye amekataa."

Ile "Daktari amekataa" niliisikia mara nne siku hiyo. Anabeba lawama za watu ili nyumbani kusiharibike.

Nikamuuliza kuhusu daftari jeusi. Akasema watu hulipa. Wengine kwa M-Pesa mia mia, wengine kuku, wengine ndengu wakivuna. "Shida," akasema, "mwenye nyumba hapokei ndengu." Nikaogopa kuuliza, lakini nikauliza: sisi tuko humo? "Mama yako alimaliza 2019." Kumbe zile sindano na mashine ya mvuke za utotoni mwangu zilikuwa za mkopo na mimi niko class six najua tu ni kwenda na kurudi.

Na si kwamba kila mtu anampenda. Mama mmoja alikuja na mtoto anayehara, Daktari akampa ORS na vidonge vya zinki, akamwonyesha kupima maji kwa chupa, akamwambia dalili za hatari za kuangalia usiku. Mama akatoka amenuna. Nikamsikia kwenye benchi akisema, "Hata sindano hajadunga." Aliniambia wengine hutoka kwake wakaenda moja kwa moja kununua antibiotiki mahali pengine, kwa sababu daktari asiyedunga anaonekana hajafanya kazi. Yeye amezoea. Anasema kazi nusu yake ni kukataa.

Mama yako anaendeleaje?

Hapa ndipo niliaibika.

Kwanza, kuna sababu ya kawaida. Presha na sukari hutembea kwenye familia. Kikohozi cha TB kinatembea kwenye nyumba. Ukimuuliza mtu kuhusu mama yake unaweza kujua ni nini kinamngoja yeye mbele. Sawa, hiyo nilielewa.

Lakini kuna nyingine, na inahusu susu wangu.

Miaka minne iliyopita, susu alienda kliniki akisema kichwa kinamuuma. Tu. Alitembea mwenyewe kutoka stage. Sasa, susu na Daktari wana mzaha wao wa miaka. Akiingia lazima amwambie kitu kuhusu upara wake, kwamba unamulika kuliko taa ya lori. Kila mara. Siku hiyo aliingia, akasalimia vizuri, akaketi.

Daktari aliniambia: "Hakunitukana. Nikajua kuna kitu."

Akamwambia atabasamu, mdomo ukaenda upande mmoja. Akamwambia anyanyue mikono yote miwili, wa kushoto ukashuka wenyewe. Hakungoja. Alitoka nje akasimamisha Probox ya kwanza, akawaambia abiria washuke, na wakashuka, kwa sababu ni Daktari. Alipiga simu hospitali kubwa kabla gari halijaondoka, akawaambia saa ngapi ilianza na dawa gani anatumia. Ilikuwa stroke. Kwa stroke, dakika ni ubongo. Leo susu anatembea na mkongojo, mkono wa kushoto ni mzito, lakini anaongea. Anaongea sana. Upara bado anautukana.

Hebu fikiria angeingia mahali hawamjui. Wangeona mama mzee mtulivu, mwenye heshima, kichwa kinauma. Wangempa Panadol. Na hawangekuwa na makosa kwa kile walichoona, kwa sababu hakuna mashine inapima kwamba leo huyu mama hajatania.

Hiyo ndiyo kitu niliifanya punchline.

Sasa sitaki mtoke hapa mkidhani nauza malaika. Jioni, benchi ikiwa tupu, nilimwambia hayo niliyowaambia, kwamba kumbe kumjua mtu ni dawa. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Pia ni sumu."

Akanisimulia kuhusu mama mmoja, mteja wake wa miaka mingi, ambaye alikuwa na vidonda vya tumbo. Kila akija, tumbo linachoma, anapewa dawa, anapoa. Mwaka mmoja akaanza kukonda. Daktari alijua kijana wake amefungwa, mji mzima ulijua. Akajiambia ni mawazo, nani hangekonda. Akampa dawa za tumbo tena, akakaa naye, akamfariji. Ilipita miezi kabla hajamtuma kupigwa picha ya tumbo kwa ndani. Ilikuwa kansa, na ilikuwa imeenda mbali.

"Mtu asiyemjua angeuliza kwa nini amekonda. Mimi nilikuwa na jibu tayari."

Kwenye mazishi familia ilimweka kiti cha mbele, wakamshukuru kwa kipaza sauti. Hakuna aliyemlaumu. Aliniambia hiyo ndiyo ilimuuma zaidi. Tangu hapo ana sheria: mtu akija mara tatu na shida ile ile, anatumwa kwa mtu mwingine asiyemjua, hata kama Daktari ana hakika. Hasa kama ana hakika.

Ndiyo maisha yake hayo. Hawezi kwenda baa kwa sababu kesho atamwambia mtu apunguze pombe. Hawezi kukosa mazishi, na mazishi mengi ni ya watu aliowashika mkono. Mlango wake unagongwa saa nane usiku. Madaktari walipogoma siku 100 kuanzia Disemba 2016, na tena siku 56 mwaka 2024, hospitali za serikali zilikwama na foleni ikahamia kwa ile benchi yake. Na yeye hawalaumu waliogoma. Intern mwaka 2024 aliambiwa achukue shilingi 70,000 wakati makubaliano ya 2017 yalisema karibu 206,000. "Mimi ningegoma pia," akasema. Tulipotolewa NHIF tukaingizwa SHA, Oktoba 2024, alikuwa anabonyeza *147# kwenye simu za wazee mmoja mmoja, kwa sababu nani mwingine wangemwamini na kitambulisho?

Ana miaka 63. Binti yake ni nesi Uingereza na hawezi kurudi kukaa nyuma ya duka la misumari, na mimi simlaumu hata kidogo. Daktari ametafuta kijana wa kumwachia kliniki. Wamekuja wawili. Mmoja alikaa miezi mitatu, mwingine mitano. Pesa ni kidogo, usiku ni mrefu, kwenu ni mbali. Akifunga, watu hawatakosa dawa, kemisti ziko mbili. Watakosa mtu anayejua kwamba dawa ya siku 30 haitoshi siku 55.

Na hapa ndipo maoni yangu yanapoingia, mkipenda mnianze.

Sisi wa Nairobi tunacheka ushago lakini hakuna mtu anatujua. Mimi nimekaa hapa miaka mitatu, nimetibiwa mahali panne tofauti, na kila mahali naanza na sifuri: jina, umri, una mzio wowote? Nasema "niko sawa" kwa sababu nina haraka, na hakuna wa kujua nadanganya. Mambo ya siri tunauliza simu, na simu haiwezi kuona kwamba leo hujatania. Nchi hii kuna madaktari wanasomea hii kazi kabisa, tiba ya familia. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuifundisha mwaka 2005. Lakini sijawahi kusikia rafiki yangu hata mmoja wa medicine akisema anaota kuwa daktari wa familia kwenye mji kama wetu. Wote ni upasuaji, moyo, watoto, Nairobi. Tukitaka mtu akae, lazima kukaa kulipe. Nyumba, mshahara unaoingia tarehe, mtu wa kumpokea zamu usiku mmoja kwa wiki. Kumwita shujaa hakumpi usingizi.

Kwa upande wetu, chagua mahali pamoja. Kliniki ndogo tu ya mtaa, yenye leseni. Rudi hapo hapo. Uwe na daftari lako. Jibu ukweli ukiulizwa.

Kabla sijaondoka alinikalisha kile kiti cha wagonjwa, akanisikiliza mgongo. Hakuniuliza kama nimeacha dawa. Aliuliza, "Ile ya bluu inakuisha kwa muda gani?" Nikasema mwezi. Akatingisha kichwa. Wenye pumu wenzangu, mnisikilize hapa: ile ya bluu inafungua kifua kwa muda tu, haitibu kile kinachokifunga. Ukijikuta unaitumia kila mara, si kwamba inafanya kazi, ni kwamba hali yako inaharibika. Ile ya kuzuia, ya kila siku, ambayo mimi niliiacha kwa sababu "niko poa", ndiyo inakuweka poa. Nenda uonwe. Sasa natumia asubuhi na jioni. Julai ya Nairobi itanipata tayari.

Nilimwambia nitaitoa ile klipu. Akakataa. "Iache. Siku hizi wakiingia wananiambia 'mama anaendelea vizuri' kabla sijauliza. Inaniokolea wakati."

Kwa hivyo iko bado. Lakini ukiicheka, ujue sasa unacheka nini. Na ukienda ushago, pita kwa yule wenu. Mpe jibu la mama yako. Na kama mna deni kwenye lile daftari jeusi, lipa.